Mti Mmoja Kwenye Njia ya Ndege

Uwanja wa Ndege, Bungoma
24 Agosti 1986

Kwa Kemboi, mzee wa moshi,

Mulembe. Nimefika, nimepata nyumba, nimeshiba, na sasa nina nafasi ya kukuandikia. Usiseme nimekusahau. Mtu hawezi kumsahau mwenzake waliyefukuza naye ng'ombe za watu miaka yote ile kwenye uwanja wa Kitale, wewe mwisho wa uwanja na firimbi yako, mimi katikati na fimbo, halafu unakimbia kuwasha majani mabichi ili rubani aone moshi na ajue upepo unatoka wapi. Hapa pia nimetengeneza mahali pa moto, lakini sina wa kumwashia. Ndege haijaja hata moja.

Uwanja wenyewe ni nyasi, mrefu wa kutosha, na kibanda cha mabati ambacho ndicho ofisi yangu. Bwana mkubwa wa wilaya ametueleza kwamba serikali ina mpango wa kukuza safari za ndege huku magharibi. Kampuni ikileta ndege ndogo, serikali itailipia viti vitakavyobaki vitupu, na haitaitoza ada ya kutua, mpaka watu wazoee kupanda. Kitale imeshakubaliwa. Sisi tutaingia siku mkaguzi kutoka Nairobi atakapotua hapa akaridhika. Basi hiyo ndiyo kazi yangu, Kemboi. Niliacha Kitale nikiwa na wewe na chai ya saa nne, nikaja kulinda nyasi, kwa sababu nataka ndege itue nyumbani kwetu na mimi ndiye niwe nimeipokea. Watu hapa wananicheka. Ati mimi ni mchunga nyasi wa serikali.

Habari kubwa ni hii. Mukhisa wangu ametahiriwa mwezi huu. Alisimama wima bana, hakupepesa jicho. Nyinyi watu wa Endebess mnafanya yenu kimya msituni, sisi ni njuga na nyimbo kutoka mtoni mpaka nyumbani, kwa hivyo hata wewe huko lazima ulisikia. Na naibu wa chifu akatoa wazo zuri sana: kila baba aliyetahirisha mtoto mwaka huu alete mche wa mkaratusi aupande uwanjani, uwe mti wa huyo mtoto. Tumeipanda kwenye miisho yote miwili, imejipanga safi, kwa sababu mgeni wa heshima anaingia boma kupitia lango lenye miti. Na ndege ni mgeni. Mti wa Mukhisa uko mwisho wa magharibi, katikati kabisa. Shimo lake nilichimba mwenyewe.

Mama Mukhisa anakusalimia. Anasema ulete mursik, yale maziwa yenu ya kibuyu yenye mkaa, si kuahidi tu.

Mimi wako,
Festus Nyongesa


Kitale
15 Septemba 1986

Festus,

Hongera kwa kijana. Mwambie kwamba mzee Kemboi atamletea kondoo. Nyimbo zenu hazikufika Endebess, lakini mbwa wetu hawakulala wiki hiyo, labda ndizo.

Sasa nikuulize. Hiyo miti mmepanda miisho ya uwanja? Miisho yenyewe, pale ndege inaposhukia? Bana, ndege haiingii kwa lango. Inashuka polepole kama mtu anayeteremka Elgon na mzigo mgongoni, inaanza kuwa chini mbali sana kabla ya kugusa nyasi. Wewe ulikuwa unasimama katikati na ng'ombe, hukuwahi kuangalia mwisho. Mimi nilikuwa mwisho. Ilikuwa inapita juu ya kofia yangu mpaka naishika kwa mikono miwili isichukuliwe. Na mkaratusi hauna subira, ukigeuka tu umekupita. Ing'oeni sasa wakati iko magotini, mkaipande karibu na kibanda mpate kivuli.

Huku kazi imekuwa kazi. Ulipokuwa hapa ilikuwa mchezo. Jumapili watu bado wanatoka kanisani kuja kutazama ndege, na wale akina mama wa Kipsongo bado wanaleta ndizi zao. Wananiuliza yule Mbukusu wa kelele alienda wapi. Nawaambia amepandishwa cheo. Wanasikitika.

Kemboi


Bungoma
2 Oktoba 1986

Bwana Kemboi,

Barua nimeipata. Nilidhani utafurahi na mimi. Kumbe Kitale imekubaliwa na bado unataka Bungoma ibaki na nyasi.

Hiyo miti ni ya watoto. Niende kwa wazee niwaambie wang'oe miti ya watoto ambao vidonda vyao ndiyo vimekauka juzi? Nani atanisalimia tena hapa? Halafu ndege iko juu angani, mche uko magotini, na wewe unaona vita. Ulikaa sana mwisho wa uwanja mpaka ukajiona rubani.

Kondoo usijisumbue.

Festus Nyongesa
Msimamizi


Kitale
20 Novemba 1988

Ndugu yangu Festus, na Mama Mukhisa,

Nimefika Kitale salama kutoka mazishini. Nimekaa hapa uwanjani tangu asubuhi na sijafanya lolote la maana.

Tulinuniana miaka miwili kwa sababu ya miche ya mikaratusi, na ilibidi Mukhisa afe ndipo nipande gari nije kwenu. Hilo linaniuma kusema, lakini afadhali niliseme. Mtoto alicheza mpira Jumamosi, Alhamisi malaria imempanda kichwani, Ijumaa hayuko.

Ninachokumbuka ni vile alivyokuwa mdogo huku. Unamleta kazini, anakaa mabegani kwako, anapunga mkono mpaka rubani naye ampungie. Ndege ikiondoka analia. Wewe unamwambia, nyamaza, baba ataileta mpaka nyumbani. Sisi wengine tunacheka. Sasa najua hukuwa unacheka.

Jioni ile ulipowaacha watu ukaenda kusimama kwenye mti wake, nilikuona. Sikukufuata. Miti hiyo sitaitaja tena mpaka uitaje wewe.

Mama Mukhisa, pole sana. Ule uji ulionipa asubuhi ya safari, wewe mwenyewe ukiwa hujala kitu, sitausahau.

Wenu,
Kemboi


Bungoma
11 Machi 1990

Kemboi, mzee wa moshi,

Keti chini kwanza. Mkaguzi anakuja. Nairobi wamesema mwezi ujao, ndege ile ndogo ya kampuni yenyewe, atatua hapa kisha aje kwako. Akiridhika, Bungoma imeingia kwenye mpango na ndege itatupitia kila wiki. Nimepaka chokaa mawe yote ya kando. Shule imeshaanza mazoezi ya wimbo, mwalimu wao anatumia sauti kuliko watoto.

Na ulisema kweli juu ya miti. Nimekubali, kwa hivyo usinikumbushe. Ilikua, Kemboi, sijawahi kuona kitu kinakua hivyo. Mwezi uliopita tuliitisha mkutano. Wazee wakakataa, ati huwezi kukata mti wa mtoto aliye hai, utakuwa unamtakia nini. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mzee Wabwile akasema, basi mzazi asikate. Kijana mwenyewe aje akate wake, kwa sababu ameshakuwa mwanaume na ana haki na kitu chake. Ikawa hivyo. Walikuja wote, hata walioko shule za mbali, kila mmoja na shoka, kila mmoja akaangusha wake. Nguzo zimeenda kuezeka madarasa. Ilikuwa siku nzuri, ungefurahi.

Kwa hivyo njia iko wazi. Mwambie rubani wako aje bila wasiwasi.

Festus


Kitale
22 Aprili 1990

Festus,

Ndege mliyoingojea ilitua kwangu. Mkaguzi alishuka amekasirika, hata mkono hakunipa vizuri. Alisema alizunguka juu ya Bungoma akaona watu wengi, bendera, watoto wamevaa sare, na mti mmoja mrefu katikati ya mwisho wa magharibi. Rubani alijaribu kushuka akaona haiwezekani. Upande wa pili upepo ulikuwa unamsukuma kutoka nyuma.

Aliposema mwisho wa magharibi, katikati, nilijua ni upi.

Akaniuliza kama nakufahamu. Nikasema nakufahamu vizuri. Akauliza, huyo mtu ni mlevi au ni mjeuri tu? Nikamwambia ni baba. Nikamweleza. Akanywa chai yangu, halafu akasema atarudi Julai mara moja tu. Akiukuta, Bungoma inafutwa, na ndege itakuwa inapita juu yenu ikija huku. Hawezi kufanya zaidi ya hapo, na mimi sikumwomba zaidi, kwa sababu ni haki.

Hukuniambia kweli, Festus. Sikasiriki. Lakini wale wazee wengine walileta watoto wao na mashoka. Watakuuliza. Niandikie unataka nini, nijue nakusaidia vipi.

Kemboi


Bungoma
6 Mei 1990

Kemboi,

Wameshaniuliza. Wabwile aliniuliza mbele ya watu wote, ndege ikiwa bado inasikika: "Kwani sisi watoto wetu hatuwapendi?" Nilitaka ardhi inimeze.

Ile siku ya kukata, kila kijana alimaliza wake, wakafika kwa ule wa Mukhisa. Hakuna mwenyewe. Wakasimama na mashoka wakaniangalia. Nikawaambia, nendeni, huu nitaukata kesho. Nimesema kesho tangu Februari. Nachukua shoka, nafika, nasikia majani yake, nageuka. Si ati sijui kazi. Mimi naitaka ndege hiyo kuliko mtu yeyote katika wilaya hii, na nilimwahidi yeye, ulikuwepo ukicheka. Lakini mwanangu alizaliwa, akatahiriwa, akafa, na kitu chake kinachoendelea kukua duniani ni hicho tu. Usinipe shoka tena, siwezi.

Mama Mukhisa haongei juu ya huo mti. Anapita hapo kila siku ya soko na hageuzi hata shingo. Nadhani ameshatulia. Wanawake wanajua kutulia kuliko sisi, na mara nyingine namwonea wivu.

Juni wametuita semina hapo Kitale, wasimamizi wa viwanja wote, wiki nzima. Nitalala kwako. Tusiongee mambo ya miti, tuongee mambo ya zamani.

Festus


Bungoma
10 Juni 1990

Shemeji Kemboi,

Hii barua nimempa Agneta, mtoto wa dada yangu anayeuza nguo huko Kitale, aiweke mkononi mwako. Baba Mukhisa asiione.

Semina inaisha Ijumaa. Naomba umzuie mpaka Jumapili jioni. Mpeleke Endebess, mchinjie kitu, sema gari limeharibika, wewe utajua. Nataka kuukata huo mti.

Najua kwetu mwanamke hakati mti wa boma, na mti aliopanda mume wake ndio kabisa. Nikiita ndugu zake, watu watasema walimkatia yeye akiwa ameshindwa, na hilo hataliweza. Kwa hivyo nitakata mwenyewe, na panga langu la kuni.

Yeye anafikiri siutazami kwa sababu nimetulia. Shemeji, mimi siutazami kwa sababu nikiutazama nitaukumbatia kama yeye, na nani atapika? Mukhisa nilimzaa mimi. Najua alipolala, na hayuko kwenye mkaratusi. Lakini Baba Mukhisa akiikosa hii ndege, ataishi maisha yake yote chini ya huo mti akijuta, na nitakuwa nimepoteza wote wawili.

Nitamwambia ni upepo. Wewe mambo ya upepo unayajua, na akikuuliza, useme ulivuma.

Edah Nasambu


Kitale
13 Juni 1990

Mama Mukhisa,

Agneta ameniletea. Huyu mtu wako yuko hapa, anakula vizuri na analalamika mursik ina mkaa mwingi. Nitamshikilia mpaka Jumatatu.

Kata chini karibu na ardhi. Anza upande wa nje, ili mti uangukie nje na si uwanjani, na usisimame mahali unapoelekea. Pumzika ukichoka, hakuna anayekukimbiza.

Upepo ulivuma. Nimeshausikia.

Shemeji yako,
Kemboi


Bungoma
30 Julai 1990

Kemboi, mzee wa moshi,

Moto niliuwasha mwenyewe. Majani mabichi ya mahindi, moshi ukapanda mweupe ukalala upande wa mlimani, na nikasema moyoni, Kemboi angeona huu moshi angenyamaza. Ndege ikatokea upande wa Webuye, ikazunguka, ikashuka kwa mwisho wa magharibi polepole kama ulivyosema, na ikapita chini mahali palepale. Magurudumu yaligusa karibu na mawe yangu ya chokaa. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia mkaguzi kwa Kiingereza, yote yakapotea. Nilimshika mkono tu. Akaniuliza, wewe ndiye Nyongesa? Nikasema ndimi. Akaniambia pole, kisha akaniambia hongera. Tumeingia kwenye mpango. Safari zinaanza Septemba, na serikali italeta udongo wa murram na uzio wa waya.

Wabwile alicheza ngoma ya isukuti mpaka kofia ikaanguka. Tumesalimiana.

Nilipotoka kwako siku ile niliukuta mti chini. Mama Mukhisa anasema ni upepo wa Jumamosi. Wewe huko uliusikia?

Festus


Kitale
9 Agosti 1990

Festus,

Niliusikia. Ulivuma sana.

Kemboi


Bungoma
17 Septemba 1995

Kemboi,

Nimefurahi kusikia uko Endebess na mahindi yako ni mazuri. Kwa hivyo wewe pia walikupunguza kazini. Mimi waliniambia Machi. Serikali ilipoacha kulipia viti vitupu, kampuni ilivumilia kidogo, halafu ikasema Bungoma hailipi. Ndege ya mwisho ilikuja mwaka jana na abiria mmoja, mzungu wa misheni, na alikuwa amelala. Uzio wa waya umeenda kwa mashamba ya watu. Ng'ombe wamerudi uwanjani na hakuna wa kuwafukuza.

Lakini zile siku, Kemboi. Kila asubuhi ya ndege nilikuwa nanyoa ndevu. Nafungua mlango wa ndege kwa mkono huu, nasema karibuni Bungoma, na wengine ni watu wa hapa kuliko mimi. Kuna mama wa Cheptais aliyesafiri na kuku mapajani mpaka Nairobi, kumpelekea binti yake aliyejifungua. Rubani alikataa, nikamwombea, akakubali mradi kuku afungwe mdomo. Tulimfunga na kitambaa. Niko shambani nikipalilia nalikumbuka hilo, nacheka peke yangu, na watoto wa jirani wananiona mwendawazimu. Nazililia zile siku, sikufichi.

Sasa nikuambie kitu, kwa sababu tumekuwa wazee na sioni haja ya kuendelea kukuacha na mzigo. Upepo wako nilijua siku ileile niliyorudi. Kisiki kilikuwa kimekatwa kidogo kidogo pande zote, kazi ya mtu ambaye hajawahi kuangusha mti mkubwa, na Mama Mukhisa alikuwa amefunga vitambaa viganjani. Akasema sufuria ilimchoma. Sikuuliza. Nilienda nyuma ya kibanda nikalia, nikimlilia Mukhisa, nikiililia ile mikono, kwa sababu alifanya peke yake kitu kilichonishinda na sikuwepo hata kumpa maji. Nilikuandikia nikakuuliza kama ulisikia upepo ili nione utasema nini. Ulidanganya vizuri, bana. Nilikupenda zaidi siku hiyo. Na yeye na mimi hatukuwahi kulizungumza, miaka hii yote.

Jana nilimkuta uwanjani anachuma sagaa. Mboga imeota sana mwisho ule wa magharibi. Nikainama nikamsaidia. Tulichuma, halafu akasema, bila kuniangalia, "Baba Mukhisa, kama ningejua ndege itakuja miaka hii michache tu, ningekuachia mti wako."

Nikamwambia, "Mama Mukhisa, ilitua."

Akainuka akanitazama, akafuta uso kwa mkono wenye udongo, kisha akanipa kikapu nikishike.

Wako,
Festus